Mafuta ya karafuu kwa jino linalouma
Kichupa cha mililita 10 nilichonunua katika duka moja la dawa za asili mjini Unguja kina mafuta yenye harufu kali ya karafuu, na tone moja nililolitia kwenye pamba na kuibana juu ya jino lililotoboka lilileta ganzi baada ya dakika chache, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa yugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta haya, hutumiwa pia na madaktari wa meno. Ufizi uliwaka, hivyo ni vyema kuyazimua kwa mafuta ya nazi. Kilichonikera ni lebo inayodai kwamba kijiko kizima kikinywewa hutibu kisukari, ilhali kiasi hicho kinaweza kudhuru ini, hasa la mtoto. Kwa jino nitayanunua tena; lebo nimeibandua.