Neli za 316L katika Mtambo wa Kupasha Maziwa: Uzoefu Wangu Njoro

Nina karakana ndogo ya mtindi huku Njoro, Kaunti ya Nakuru, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili nimepasha maziwa kwa neli za chuma cha pua daraja la 316L. Kabla ya hapo nilitumia neli za shaba, nilizouziwa kwa hoja moja tu, kwamba shaba hupitisha joto takriban mara 25 kuliko chuma hicho. Hoja ni ya kweli, ila haikunifaa. Ukuta wa neli hauzidi milimita moja na nusu, na maziwa yakipashwa hadi nyuzi 85 huacha ndani yake ukoko unaozuia joto kuliko ukuta wenyewe, uwe wa shaba au wa chuma.

Ukoko huo ndio ulionifumbua macho. Protini na mafuta huondoka kwa soda kali, lakini chumvi za kalsiamu zilizoganda hazitoki bila asidi, nami niliosha kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kama ilivyo desturi ya viwanda vya maziwa. Maji ya kusuuza yalitoka yakiwa na rangi ya samawati: nilikuwa naiyeyusha shaba yenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa pia ile harufu ya karatasi kuukuu ambayo wateja waliilalamikia, maana shaba, hata chembe ndogo sana, huchochea mafuta ya maziwa kuharibika.

Asidi hiyo hiyo haiidhuru 316L, bali husaidia kuimarisha utando wa oksidi ya kromi unaoilinda. Klorini ndiyo ya kuogopa. Molibdeni, metali iliyochanganywa humo, huipa uvumilivu kuliko 304, daraja la chuma cha pua lisilo nayo, lakini dawa ya klorini siiachi ndani ya neli usiku kucha.

Lawama yangu kubwa ni ya uchomeleaji. Fundi wa kwanza alichomelea bila kupitisha ndani ya neli gesi ya arigoni, inayofukuza hewa ili chuma kisiungue, na nilipoingiza kidole kwenye kiungo nilihisi chenga nyeusi, kavu kama mchanga, ambamo maziwa yalinasa kila siku. Ilinibidi nikate viungo vyote sita na kulipa upya, kwa hiyo usimlipe fundi kabla hujapapasa ndani.

Neli ya nje, inayozunguka ile ya maziwa na kupitisha maji moto pekee, niliiacha ya 304 kwa kuwa ni nafuu zaidi, nayo haijanisumbua.