Faini ya kamera isiyo yangu: huduma niliyoipata Ngamiani

Nilipoangalia deni la gari langu kwenye mfumo wa faini za barabarani, nilikuta shilingi 30,000 za mwendokasi eneo la Muheza, siku ambayo gari lilikuwa gereji hapa Tanga, injini imeshushwa. Wengi hulipa ili yaishe. Mimi nilikwenda kwenye duka la steshenari, Ngamiani, linalowaandikia madereva barua za malalamiko.

Dada anayehudumia hakukimbilia kuandika. Alifungua kwanza picha ya tochi, yaani kamera ya kupima mwendo, akaikuza mpaka kibao cha namba kikajaa kioo, na hapo tukaona kwamba herufi ya mwisho, iliyosomwa kuwa B, ilikuwa D yenye tope katikati. Tena gari la kwenye picha lilikuwa na keria juu ya paa, na langu halijapata kuwa nayo. Akaniagiza nilete nakala ya kadi ya gari, picha za gari mbele na nyuma, pamoja na risiti ya gereji yenye tarehe, kisha akaandika barua ya ukurasa mmoja isiyomlaumu mtu yeyote, bali inayotaja namba ya deni, saa na mahali. Alinisisitiza nisilipe kwanza, na nihakikishe nakala yangu inagongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa kweli muhuri ule ndio ulionisaidia nilipofuatilia mara ya pili, na deni likafutwa.

Nilimlipa shilingi 5,000, nami naona ni bei ya haki. Kasoro ni printa moja tu, hivyo ni vyema kufika asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa.