Matunguu ya Mayungiyungi: Yapi Yanunuliwe Kwanza

Kabla ya kuvutiwa na picha iliyo kwenye pakiti, lishike tunguu lenyewe mkononi. Tunguu la yungiyungi (ua la bustanini la jenasi Lilium, si lile la majini) halina ganda kavu la nje. Ni magamba manene yaliyopangana wazi, na kwa sababu hiyo hupoteza maji upesi likikaa rafuni. Lililo zuri ni zito, haliingii ndani likibonyezwa, na mizizi ya kitako chake bado i hai. Lililolegea au kuoza kitako liache, hata likiuzwa nusu bei. Ukubwa huandikwa kwa sentimita za mzingo, na la 16/18, yaani mzingo wa sentimita 16 hadi 18, latosha kutoa maua mazuri mwaka wa kwanza.

Chaguo langu la kwanza ni machotara yanayoandikwa OT (Oriental-Trumpet), yaliyopatikana kwa kuchanganya jamii ya Mashariki na ile yenye maua ya umbo la tarumbeta. Yana harufu nzuri, mashina yenye nguvu yanayoweza kupita mita moja na nusu, na hayasumbuliwi sana na udongo wenye chokaa. Bei yake huwa juu kidogo, lakini inastahili.

Ya pili ni yale ya Kiasia: rahisi kukuza, rangi nyingi, yanavumilia karibu kila udongo usiotuamisha maji. Hayana harufu, na kwangu hilo ni pungufu kubwa.

Nafasi ya tatu naipa Lilium regale, jeupe ndani na zambarau kwa nje, ambalo Ernest Wilson, mkusanyaji mimea Mwingereza, alivunjika mguu kwa maporomoko ya mawe alipokuwa akilikusanya Sichuan, Uchina, mwaka 1910. Linastahimili chokaa, na jioni harufu yake hujaza bustani nzima.

Ya Mashariki yenyewe, kama ‘Stargazer’, ni ya nne kwa sababu moja tu: yanadai udongo wenye asidi, hivyo asiye nao ayapande kwenye chungu. La mwisho ni Lilium lancifolium. Ni gumu na huzaa vijitunguu vyeusi vya kupandia kwapani mwa majani, lakini laweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili, na vidukari wakavieneza kwa mayungiyungi mengine.

Mwenye paka asinunue aina yoyote kati ya hizi. Jani, petali, hata chavua ambayo paka anailamba kwenye manyoya yake huweza kuharibu figo zake na kumuua.