Selimundu: kapsuli ya kila siku au kuhariri jeni?

Ajabu ni kwamba haidroksiyurea, kapsuli ya kila siku, na Casgevy, tiba ya kuhariri jeni, zinalenga kitu kimoja: kuamsha himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kijusi, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu.

Haidroksiyurea unaimeza kila siku na kurudi kliniki kupima damu, maana inaweza kushusha chembe nyeupe. Maumivu hupungua, lakini ukiiacha, nafuu nayo inaondoka.

Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, ni shughuli nzito. Seli shina, zile zinazozaa chembe za damu, zinavunwa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, maabara inahariri jeni ya BCL11A, ndiyo inayozima himoglobini hiyo, kisha mgonjwa anarudishiwa seli hizo kwa dripu, mara moja tu. Lakini kabla ya dripu, uloto wake, yaani uboho wa mifupa, unasafishwa kwa kemo kali ili seli hizo zipate nafasi: nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda, uwezo wa kuzaa unaweza kupotea, na wodini anakaa wiki kadhaa. Bei Marekani: dola milioni 2.2, kitanda hujahesabu.

Kwa mtoto wa Mwanza leo, mimi ningepigania kwanza kapsuli zisikosekane dirisha la dawa.