Pai ya kamba ya Louisiana: ya kuoka au ya kukaanga?

Wakajuni, watu wa jimbo la Louisiana, Marekani, wenye asili ya Kifaransa, hupika pai ya kamba wa mtoni kwa njia zote mbili, na mchuzi wa ndani ni uleule: kitunguu, seleri na pilipili hoho kwenye siagi, unga, kisha kamba na pilipili kali.

Ya kukaanga hukunjwa nusu duara, kingo zikabanwa kwa uma. Hapo mchuzi lazima uwe mzito na upoe kabisa. Ukiwa wa moto, kinyunya hulegea na kupasuka ndani ya mafuta. Ni tamu mno ikiliwa papo hapo.

Kwa nyumbani napendelea ya kuoka. Toboa kinyunya cha juu mvuke utoke, uoke nyuzi 190 za Selsiasi hadi kiive rangi ya dhahabu. Mchuzi hubaki laini, na familia nzima hula pamoja.