Koni ya plastiki kwa paka anayejitafuna mkia: inafanya kazi, ukiipima vizuri

Koni yenyewe ni ile anayovishwa paka shingoni ikakizunguka kichwa, ya plastiki angavu, nyembamba, yenye ukingo wa kitambaa shingoni na vifungo vya kubonyeza. Mtwara na Lindi wengi huiagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi kama kifurushi, kwa hiyo ukikosea saizi unalipa nauli ya kifurushi mara mbili. Kazi yake ni moja: paka aliyefikia hatua ya kujitafuna mkia au kujilamba tumbo hadi kipara, meno na ulimi visifike kidondani. Kazi hiyo inaimudu. Malalamiko mengi juu yake ni ya saizi.

Namba iliyoandikwa kwenye pakiti usiitegemee, kila kiwanda kina hesabu yake. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha shingoni, kisha pima kutoka hapo hadi ncha ya pua. Koni iipite pua kwa sentimita 2 hadi 3. Ikiwa fupi zaidi, paka mwembamba anajikunja na kuukuta mkia akiwa ameivaa vilevile. Shingoni vipite vidole viwili, basi. Ikibana, anakohoa na kukataa chakula. Ikilegea ndiyo mbaya zaidi: akijaribu kuivua anaingiza mguu wa mbele au taya la chini ndani ya ukosi, anakwama, na usiku hakuna wa kumnasua.

Ukingo wa kitambaa ndio udhaifu wake mkubwa kwa hali ya hewa yetu. Unanyonya mate na mchuzi wa samaki, na kwa unyevu wa pwani haukauki; siku chache tu unanuka, na ngozi ya shingo chini yake inaanza kuwa nyekundu. Kila jioni funga mlango, mvue, futa shingo kwa kitambaa kikavu, osha koni kwa sabuni ya kawaida, suuza, ikauke kabisa ndipo uirudishe. Wakati huo mtu akae naye. Dakika tano za kumwacha peke yake zinatosha kufumua kidonda cha wiki nzima.

Kula kuna ujanja wake. Bakuli pana halifai, koni inagonga ukingo na paka anasusa. Weka kisahani cha kikombe juu ya kopo lililopinduliwa, kiwe chembamba kuliko mdomo wa koni ili koni ikifunike anapoinama. Akishinda siku nzima bila kula, mvue umlishe ukimwangalia. Paka akikaa siku mbili tatu na njaa ini lake huingia hatarini. Na asitoke nje. Koni inamnyima kuona pembeni, na mbwa wa mtaani hawasubiri.

Ile ya kitambaa ni laini na paka anailalia vizuri, ila inapinda. Kwa mkia haifai kitu. Ya kujaza upepo, mfano wa boya la kuogelea, nayo inaacha mkia na miguu ya nyuma wazi. Kwa tumbo peke yake huna haja ya kuagiza chochote: mkono wa fulana kuukuu, matundu mawili ya miguu ya mbele, umemaliza.

Sasa upande ambao muuzaji hakuambii. Koni inazuia meno, kinachomwasha au kumuuma kinabaki palepale. Tena kwa paka mwenye wasiwasi, koni nayo ni wasiwasi mwingine. Watu hukimbilia kusema paka "ana mawazo". Mwaka 2006 jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa paka 21 waliodhaniwa kujilamba kwa mawazo: 16 walikutwa na ugonjwa wa mwili, na wenye tatizo la tabia tupu walikuwa 2.

Kwa hiyo anza na viroboto, hata kama huwaoni, maana paka huwameza anapojilamba. Pitisha kitana chenye meno ya karibu juu ya kiuno na shina la mkia, kung'uta uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Vidoa vyeusi vikiyeyuka na kutoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu. Tiba ni dawa ya matone ya paka, kwa mfano ya fipronili, bomba la mililita 0.5, moja kwa moja kwenye ngozi nyuma ya shingo asikofikia kulamba. Wape paka wote wa nyumbani kila mwezi kwa miezi mitatu, na mikeka na matandiko yafuliwe yaanikwe juani, kwa kuwa mayai hayakai kwenye paka, yanadondoka.

Usikubali kuuziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe "uichanganye kidogo". Viuadudu vinavyotumika kwenye dawa za namna hiyo, permethrini na jamaa zake sipermethrini na deltamethrini, mbwa huvistahimili. Ini la paka haliwezi kuvivunja vizuri, anatetemeka, anapata degedege na anaweza kufa. Parasetamoli hata kipande ni sumu kwake. Dettol kwenye kidonda pia hapana. Maji yaliyochemka yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yanatosha kusafishia.

Huku kwetu kuna mengine mawili ya kuangalia. Wakati wa kupuliza salfa mikorosho, paka anayeshinda shambani hurudi na vumbi linalowasha ngozi na macho. Na penye kubanguliwa korosho, mafuta ya ganda huunguza. Paka akiyakanyaga hulamba nyayo bila kukoma. Mpanguse kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato kabla hajayameza.

Ikiwa ngozi ya mgongo inacheza yenyewe, mboni zinatanuka, anaruka ghafla kuushambulia mkia kana kwamba si wake, piga video umpelekee daktari wa mifugo. Video inasaidia kuliko maelezo. Ngozi ikihitaji kukwanguliwa kutafuta utitiri, Wakala wa Maabara ya Veterinari ina kituo Mtwara. Dawa za kutuliza tabia zipo, ila hupimwa kwa uzito wa paka na matokeo yake huchukua wiki kadhaa kuonekana. Vidonge vya binadamu usivigawe kwa kisu. Huku nyumbani, chakula kwa saa zilezile, mahali pa juu pa kujificha, mchezo wa kamba dakika kumi asubuhi na jioni. Kumkaripia anapojitafuna kunaongeza.

Kidonda kikishafunga, mvue kwa muda wa saa moja ukiwepo, kesho yake kwa saa mbili. Akiuendea mkia ndani ya saa ya kwanza, mrudishie koni na urudi kwa daktari. Manyoya yasikuharakishe, huchukua miezi miwili au zaidi kurudi.