Android kwenye mashini ya zamani: nimeipa 3 kwa 5

Kama uko na mashini (kompyuta) ya zamani nyumbani, ile ya prosesa Core 2 Duo na RAM ya giga 2, Windows inawaka mpaka chai inapoa, usiipeleke sokoni Birere, hapa Goma, kuuza kwa bei ya bure, jaribu kwanza Android-x86. Ni Android ya telefone ila imetengenezwa kwa kompyuta na hailipishwi. Mimi niliweka ya 9 ile ya mwaka 2020, ya bit 32 juu mashini yangu ni mzee kabisa, faili haifiki hata giga moja kwa hiyo mega hazitakuishia.

Unaiweka kwenye fleshi na Rufus, programu ya kuandaa fleshi, unawasha mashini kupitia hapo, unachagua kujaribu bila kuinstola. Hapo ndo uangalie wifi inashika ama hapana, sauti inatoka ama hapana, kama wifi imekataa hapo usitegemee eti ukiinstola itakubali. Na kabla ya kukubali format toa picha zako zote, ukikubali zinafutika.

Kwangu inawaka haraka, Play Store iko ndani, YouTube kwenye 480 inatembea vizuri, watoto wanasoma PDF zao za masomo bila kelele. Kurudi nyuma ni kubonyeza mausi kulia ama Esc, utazoea.

Sasa shida. Application zingine zinajua tu telefone iliyosimama, ukifungua skrini yote inalala upande, unabaki umeinamisha shingo, unasukuma mausi kulia kishale kinapanda juu, mara ya kwanza unacheka, mara ya pili unakasirika. Zingine zinataka prosesa ya ARM, ile ya telefone, unaenda kwenye settings unawasha native bridge inayozitafsiria, kuna zinazokubali na kuna zinazojifunga papo hapo. Za pesa na benki achana nazo, zingine zinaikataa na hata ikikubali Google haitoi tena marekebisho ya usalama ya Android 9.

ChromeOS Flex, ile ya Google ya kufufua kompyuta za zamani, watu wanaisifu, inapata updates kweli, lakini application za Android haichukui na inataka RAM giga 4, wenye mbili tutafanyaje?

Kuna fundi mjini anaomba dola 15 kuweka hii kitu, bon, pesa ni yako, lakini si kazi ya dola 15.

Ukimaliza zima kabisa, usifunge tu kifuniko, yangu ikilala haiamki tena.